Unagusa jina la mmoja, inafunguka rekodi ya mwingine: kupitisha data kutoka orodha hadi skrini ya maelezo

#1 Mleta uzi

Salaam wadau.

Nauanzisha uzi huu kwa sababu ya kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa sababu swali lililo nyuma ya kosa hilo hurudi mara kwa mara likiwa limebadili nguo tu: mtu amegusa mstari kwenye orodha, je, skrini inayofuata itajuaje ni mstari gani? Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni vipande vya msimbo vya kunakili, navyo hufanya kazi siku ile ile. Ninachotaka tukijadili hapa ni kile kinachopitishwa chenyewe, kwa kuwa nimeamini kwamba hitilafu nyingi za eneo hili hazitokani na namna ya kupitisha bali na kupitisha kitu kisichostahili.

Kisa ni hiki. Nilitengeneza aplikesheni ya iPhone kwa ajili ya kikoba cha watu thelathini na kitu. Skrini ya kwanza ni UITableView, yaani meza ya mistari ya iOS, yenye majina ya wanachama. Ukigusa jina, inafunguka skrini ya maelezo yenye hisa za mwanachama, salio la mkopo wake na kitufe cha kuandika marejesho. Ilifanya kazi vizuri kwa majuma kadhaa. Kisha mweka hazina akaomba kisanduku cha kutafutia, maana kuburuza orodha kwa kidole kila mtu anapokuja kulipa kulimchosha. Nikaongeza UISearchController, nikatengeneza orodha ya pili ya wanachama waliochujwa, meza ikawa inachora majina kutoka kwenye orodha hiyo ya pili, nikajiona nimemaliza.

Kikao kilichofuata, mweka hazina aliandika herufi chache, likabaki jina moja kwenye skrini, akaligusa, akaandika marejesho, akamwita anayefuata. Watu saba walipita hivyo. Jioni, wakati wa kufunga hesabu, mwanachama mmoja alionekana amelipa marejesho saba kwa mkupuo, na wengine saba wakaonekana hawajaleta kitu. Aliyeonekana amelipa ni yule ambaye jina lake linaanza na A, aliye juu kabisa kwenye orodha kamili.

Mliokwisha kuandika msimbo wa namna hii mmeshagundua kilichotokea. Mfumo ulipoita didSelectRowAt, kazi inayoitwa mstari unapoguswa, ulinipa indexPath, yaani mahali pa mstari huo, na namba ya mstari ilikuwa sifuri kila mara, kwa sababu kwenye orodha iliyochujwa kulikuwa na jina moja tu. Mimi bado nilikuwa naichukua namba hiyo na kwenda nayo kwenye orodha kamili. Sifuri ya orodha kamili ni huyo ndugu wa herufi A.

Kilichofanya kosa lisionekane mapema ni jambo la pili, ambalo naliona baya zaidi kuliko la kwanza. Kichwa cha skrini ya maelezo nilikuwa nakichukua kutoka kwenye maandishi ya seli iliyoguswa. Kwa hiyo mweka hazina aligusa jina sahihi, akaona jina sahihi limeandikwa juu ya skrini, huku rekodi iliyokuwa chini ya jina hilo ikiwa ya mtu mwingine. Salio la mkopo lilikuwa si lake, ni kweli, lakini nani hukagua salio watu wakiwa wamesimama kwenye foleni na fedha mkononi?

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: namba ya mstari inaeleza kitu kimekaa wapi kwenye skrini kwa sekunde ile, na haifai kuvuka mpaka wa skrini ya orodha. Itumike papo hapo, ndani ya didSelectRowAt, kupata rekodi kutoka kwenye orodha ile ile ambayo meza inaichora, kisha itupwe. Kinachovuka kwenda skrini ya pili kiwe kitambulisho cha rekodi:

```
let mwanachama = wanaoonekana[indexPath.row]
skriniYaMaelezo.kitambulisho = mwanachama.kitambulisho
```

Skrini ya maelezo ikishapata kitambulisho, iende yenyewe kwenye hifadhidata ikasome. Seli isiulizwe chochote: seli ni karatasi ya kuonyeshea tu, na UITableView huitumia upya kwa mstari mwingine mara ile ya kwanza inapotoka nje ya skrini.

Naomba maoni, hasa ya wale wasiokubaliana.

#2 Mchangiaji

Asante sana mkuu kwa uzi huu, umekuja wakati ambao ninauhitaji. Mimi ni mgeni katika Swift, lugha ya kuandikia aplikesheni za iPhone, na ninajifunza kwa kutengeneza orodha ya vitabu vya maktaba ya shule. Nina maswali mawili.

La kwanza: ndani ya prepare, kazi inayoitwa kabla skrini inayofuata haijafunguka, nilijaribu kuandika jina la kitabu moja kwa moja kwenye lebo ya skrini ya maelezo, na aplikesheni ikajifunga ghafla ikilalamika kwamba imekuta kitu tupu mahali palipotegemewa kuwa na kitu. Nilipobadilisha nikapitisha maandishi kwenye kigeu cha kawaida, ikakubali. Sielewi kwa nini ya kwanza ilikataa, ilhali lebo ninaiona kabisa kwenye stoboodi, yaani faili la michoro ya skrini.

La pili: sasa skrini inafunguka, lakini inaonyesha kitabu nilichokigusa kabla ya hiki. Nikigusa cha tano baada ya kugusa cha pili, naonyeshwa cha pili. Nimekagua orodha yangu, haijachujwa wala kupangwa upya.

#3 Mchangiaji

Ndugu wa #2, karibu.

Lebo unayoiona kwenye stoboodi ni mchoro wa nyumba, na prepare huitwa kabla nyumba haijajengwa. Wakati huo kidhibiti cha skrini ya pili kimeshaundwa, ndiyo maana unaweza kukikabidhi maandishi, lakini mwonekano wake haujapakiwa, kwa hiyo vigeu vyote vilivyounganishwa na lebo bado ni tupu. Mpe data kwenye vigeu vya kawaida, kisha yeye mwenyewe aipange kwenye lebo ndani ya viewDidLoad, inayoitwa mwonekano ukishapakiwa. Wako wanaokwepa tatizo kwa kulazimisha mwonekano upakiwe mapema ili wapate lebo. Siwashauri, maana mnaanza kuwa na skrini mbili zinazoshikana matumbo.

Kuhusu swali la pili, kisababishi kinachojulikana zaidi ni mpangilio wa wito. Ikiwa segwei, yaani ule mshale wa stoboodi, umeuvuta kutoka kwenye seli yenyewe, basi prepare huitwa kabla ya didSelectRowAt. Ukiwa unahifadhi kitabu kilichochaguliwa ndani ya didSelectRowAt na kukisoma ndani ya prepare, utakuwa unasoma cha mguso uliopita. Dawa yake ni kutotegemea didSelectRowAt kabisa: kile kinachokuja kama mtumaji ndani ya prepare ni seli iliyoguswa, ipe meza seli hiyo, nayo itakurudishia indexPath yake. Au uvute mshale kutoka kwenye kidhibiti badala ya seli, kisha uiite segwei mwenyewe ndani ya didSelectRowAt. Chagua mojawapo. Ukiziweka zote mbili, skrini ya maelezo itafunguka mara mbili, na mtumiaji atalazimika kubonyeza kitufe cha kurudi mara mbili.

Lakini kabla hujabadilisha chochote nijibu hili: mguso wa kwanza kabisa, aplikesheni ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, hufungua skrini isiyo na taarifa, au haufungui kitu?

Nyongeza kwa wanaotumia stoboodi: ikiwa mbele ya skrini ya maelezo umeweka kidhibiti cha urambazaji, mfikio wa segwei ni hicho kidhibiti, wala si skrini yako. Wengi hujaribu kuigeuza aina kwa alama ya kuuliza, mgeuzo unashindikana kimyakimya, na skrini inafunguka tupu bila kosa lolote kuandikwa. Na tangu iOS 13, ya mwaka 2019, ipo IBSegueAction inayokuwezesha kuiunda skrini ya maelezo kwa kiunda chake mwenyewe, hivyo kitambulisho kinakuwa sharti la kuzaliwa kwake na si kitu kinachoweza kusahaulika.

#4 Mchangiaji

Nimesoma #1 kwa makini na sikubaliani na nusu yake.

Kwamba namba ya mstari isivuke, sawa. Lakini kwa nini nipitishe kitambulisho na kuilazimisha skrini ya pili irudi kwenye hifadhidata, wakati rekodi nzima ninayo mkononi? Ni sawa na kumpa mgeni namba ya nyumba wakati umesimama naye mlangoni. Mimi hupitisha kitu chenyewe. Kama ni klasi, skrini zote mbili zinashika kitu kimoja, mabadiliko yanayofanywa kwenye maelezo yanaonekana kwenye orodha bila delegeti (kitu kinachopokea taarifa kwa niaba ya kingine) wala kelele nyingine. Aplikesheni nyingi tunazotengeneza ni ndogo; tusizitwishe mizigo ya aplikesheni za benki.

#5 Mleta uzi

Mkuu wa #4, nashukuru, na hoja yako ina uzito kwa skrini za kusoma tu. Kama maelezo hayahaririwi na data haibadiliki nyuma ya pazia, pitisha rekodi nzima ulale usingizi. Maktaba ya ndugu wa #2 huenda ni ya namna hiyo. Ugumu huanza pale skrini ya pili inapopewa ruhusa ya kuandika.

Chukua kwanza strakti, ambazo ndizo wengi huanza nazo katika Swift. Strakti ikipitishwa hunakiliwa. Unahariri nakala, unarudi kwenye orodha, orodha bado ina ya zamani. Hapo ndipo watu huamua kurudisha nakala iliyohaririwa pamoja na namba ya mstari, ili orodha ijue pa kuibandika. Ikiwa katikati hapo seva imeleta orodha mpya, au mwanachama mmoja wa juu ameondolewa, nakala inabandikwa juu ya mtu mwingine. Tumerudi kwenye marejesho ya watu saba kwa mlango wa uani.

Sasa chukua klasi, kama unavyopendekeza. Ni kweli kwamba kitu ni kimoja. Lakini mtumiaji akihariri kiasi, kisha akabonyeza kitufe cha kughairi, unarudishaje ya awali? Umeshaigusa ile ile ambayo orodha inaishika. Pia orodha haijui kuwa kitu kimebadilika. Maandishi ya seli yalishachorwa, na yatabaki hivyo mpaka mstari utoke nje ya skrini na kurudi. Ndiyo maana utasikia mtu akisema kwamba data hujisahihisha akiburuza orodha juu na chini.

Hapo linakuja suala la njia ya kurudi, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye nyama kuliko njia ya kwenda. Wengi huita reloadData, inayochora meza upya, ndani ya viewWillAppear ya orodha, inayoitwa skrini inapokaribia kuonekana, wakiamini kwamba mtumiaji akirudi, orodha itaonekana upya na mfumo utaita. Kwenye urambazaji wa kawaida wa kusukuma skrini, huitwa. Lakini tangu iOS 13, skrini inayoletwa kwa mtindo wa kadi haiifuniki ile ya chini kikamilifu, kwa hiyo ikifungwa, viewWillAppear ya orodha haiitwi. Kwenye iPad, ukitumia UISplitViewController, orodha na maelezo hukaa bega kwa bega, orodha haikuwahi kuondoka, basi haina sababu ya kuonekana upya. Nimewahi kutafuta hitilafu ya aina hii kwa siku mbili, kwa sababu kwenye simu yangu haikutokea na kwenye tableti ya mteja ilitokea kila mara.

Delegeti hufanya kazi kote huko, mradi rejeo lake liwe dhaifu, vinginevyo orodha inaweza kushikilia maelezo, maelezo nayo yakashikilia orodha, na hakuna anayetoka kwenye kumbukumbu. Kloja, yaani kipande cha msimbo kinachokabidhiwa kuitwa baadaye, pia inafaa, kwa tahadhari hiyo hiyo ya kuishika nafsi kwa udhaifu. Lakini angalia kinachosemwa kupitia njia hizo. Mimi huwa natuma ujumbe mmoja tu: mwenye kitambulisho hiki amebadilika. Orodha inatafuta mstari wa mwenye kitambulisho hicho kwa wakati huo, popote atakapokuwa, na kuuchora upya. Kama hayupo tena, haifanyi kitu.

UITableViewDiffableDataSource, iliyokuja na iOS 13 hiyo hiyo, imejengwa juu ya wazo hili: unailisha vitambulisho, na mstari ukiguswa unaiuliza kitambulisho cha indexPath ile. Siku hizi ndiyo ninayoanza nayo hata kwa orodha ya mistari kumi.

Juu ya mfano wako wa mgeni mlangoni: shida yangu ni kwamba kati ya kumfungulia na yeye kuingia, watu wa ndani wanaweza kuwa wamehama.

#6 Mchangiaji

Niongeze upande wa Android, kwa kuwa wateja wengi wa humu ndani ndiko waliko.

Huku hoja ya #4 inakutana na ukuta wa kweli. Data inayokwenda kutoka skrini moja hadi nyingine kwa Intent, yaani ombi la kufungua skrini, hupita kwenye Binder, njia ya mawasiliano kati ya michakato, na bafa ya Binder ina ukomo wa takriban MB 1, ambao hugawanywa kwa miamala yote inayoendelea ndani ya mchakato. Ukipitisha rekodi yenye picha ya mwanachama ndani yake, majaribio yako yatapita kwa sababu ulitumia picha ndogo, kisha mtu wa kwanza atakayepiga picha kwa kamera nzuri atakutana na TransactionTooLargeException. Na tangu Android 7.0, hata hali ya skrini unayoihifadhi kwenye Bundle (kifurushi cha data) ikizidi kiasi, aplikesheni inajifunga, jambo ambalo zamani lilipita bila kusema kitu.

Baadhi hukimbilia kuweka rekodi kwenye kigeu cha jumla ili skrini ya pili ikiokote. Hilo nalo lina mtego. Mtumiaji akiwa kwenye maelezo, anatoka kwenda kusoma ujumbe wa muamala ili anakili namba ya uthibitisho. Simu ina kumbukumbu ndogo, mfumo unaua mchakato wako. Anaporudi, Android inaijenga upya skrini ya maelezo na kuirudishia Intent yake, lakini kigeu cha jumla kimezaliwa upya kikiwa tupu. Kitambulisho kilichokuwa ndani ya Intent kingali pale. Kujaribu hili ni rahisi: uue mchakato kwa adb, zana ya amri ya Android kwenye kompyuta, wakati aplikesheni ikiwa nyuma, kisha urudi.

Kuhusu namba ya mstari, RecyclerView, orodha ya Android, inakwambia wazi kwamba haiaminiki. Usiishike ile position uliyopewa ndani ya onBindViewHolder, mstari unapojazwa data, na kuitumia baadaye ndani ya kisikilizaji cha mguso. Mistari ikiongezwa au kuondolewa, namba hiyo haisahihishwi. Iulize bindingAdapterPosition wakati wa mguso, na uwe tayari kupokea NO_POSITION, yaani hasi moja, pale mtu anapogusa mstari unaoondolewa wakati huo huo. Nimeona aplikesheni zikijifunga kwa hasi moja hiyo.

Ukitumia Room, maktaba ya hifadhidata ya Android, skrini ya maelezo inaweza kupewa kitambulisho na kuchunguza rekodi kwa Flow, mkondo unaotoa data kila inapobadilika, orodha nayo ikachunguza jedwali lote. Kila moja inajichora data ikibadilika, na njia ya kurudi inakuwa haina kazi tena.

#7 Mchangiaji

Swali dogo kwa mleta uzi. Kitambulisho gani? Nimeona watu wakitumia jina, wengine namba ya simu.

#8 Mleta uzi

Jina hapana. Kikoba chetu kina wanachama wawili wenye jina la kwanza na la ukoo linalofanana, na si ndugu. Namba ya simu hubadilika, na wapo wazee wawili wanaotumia simu moja. Mimi hutumia UUID, namba ndefu ya kipekee, inayotolewa siku rekodi inapoundwa na isiyoonekana kwa mtumiaji. Namba inayoongezeka yenyewe kwenye hifadhidata nayo inatosha, isipokuwa simu mbili zikiwa zinaandika bila intaneti na kuunganisha baadaye, maana kila moja itatoa mwanachama wake namba 38.

Na skrini ya maelezo iwe na jibu la swali ambalo kupitisha rekodi nzima hukuruhusu kulikwepa: nimetafuta, mwenye kitambulisho hiki hayupo. Kwangu huandika kwamba mwanachama ameondolewa na kukizima kitufe cha marejesho.

#9 Mchangiaji

Kwa wanaoanza na SwiftUI, njia mpya ya Apple ya kujenga skrini kwa msimbo: NavigationStack ya iOS 16, mwaka 2022, imefanya hoja ya #1 iwe nyepesi. NavigationLink hupewa thamani, na navigationDestination huamua skrini ya kufungua kwa aina ya thamani hiyo. Kishawishi ni kuipa strakti nzima, kwa kuwa inachotaka ni Hashable tu, yaani kitu kinachoweza kulinganishwa na kufanyiwa hashi. Ukifanya hivyo, nakala iliyoganda inakaa kwenye njia ya urambazaji: orodha inasasishwa, skrini iliyo juu yake inaendelea kuonyesha salio la zamani. Ipe kitambulisho, na ndani ya mfikio utafute rekodi kwenye hifadhi iliyo moja.

#10 Mchangiaji wa #2

Narudi na jibu la swali la #3. Mguso wa kwanza haukufungua kitu chochote. Wa pili ndio uliofungua, ukaonyesha kitabu cha mguso wa kwanza.

Nimekaa nikausoma msimbo wangu herufi kwa herufi. Segwei ninaiita mwenyewe, mshale nimeuvuta kutoka kwenye kidhibiti, mpangilio hauna kosa. Ila sikuandika didSelectRowAt. Xcode, programu ninayoandikia msimbo, ilinipendekezea jina nami nikabonyeza bila kusoma, ikaniwekea didDeselectRowAt, inayoitwa pale mstari wa zamani unapoachiwa. Siku nne.

#11 Mchangiaji wa #3

Nilihisi hivyo tangu mwanzo, ndiyo maana nikauliza. Wanaotanguliza prepare hufungua skrini tupu kwenye mguso wa kwanza. Wa Deselect hawafungui kitu. Mimi zilinichukua siku sita.